Magogo Matano Yasiyogongwa Nyundo

Vijana wangu wa yadi, mmeniomba niwaandikie habari za kazi ya logi kabla sijazisahau. Kusahau bado. Kilichochoka ni magoti, na baridi ya Njombe nimeikimbia. Siku hizi naishi Lyamkena, hapa Makambako, penye upepo badala ya ukungu. Upepo sina ugomvi nao. Unapiga kelele zake wenyewe, hauigi za mtu.

Nitaanza na neno lenyewe, maana naona mnalitumia kila saa bila kulijua. Juzi nilipita pale mnapofanyia kazi nikamkuta binti mmoja ameshika tableti, magogo yamelala mbele yake, kila moja limepigiliwa kibao chake cha plastiki chenye namba. Akaniambia, shikamoo bibi, subiri kidogo ni-login. Nikamuuliza, na hicho kilicholala hapo miguuni pako, kwa Kiingereza kinaitwaje? Akalitazama lile gogo la mpaina, akafikiri, akasema log, akacheka mpaka akajiziba mdomo. Hakuwahi kuyaweka pamoja hayo mawili.

Mimi neno hilo nililijua kwa machozi. Shuleni log kilikuwa kitabu chembamba kilichojaa namba ndogondogo, unatafuta namba moja ili upate nyingine ambayo hujui ni ya nini. Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha mbao nje ya mji wa Njombe, upande wa kuelekea Uwemba. Meneja akaniambia, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba kazi yangu itakuwa kutunza log. Nilirudi nyumbani nikalia. Mama alidhani nimekataliwa. Kesho yake nikaonyeshwa kitabu kikubwa chenye jalada la kijani na rundo la magogo refu kuliko nyumba yetu, nikaelewa kwamba hizo namba ndogondogo hazinihusu.

Aliyenifungulia mambo ni mzee Mgaya, mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, ambaye hakuweza kujibu swali dogo kwa jibu dogo. Log, alisema, maana yake gogo, ni neno la Waingereza tangu zamani, na hata wasomi wao hawana hakika walilitoa wapi. Mabaharia wao walipokuwa katikati ya maji, hakuna mlima wala mti wa kupimia mwendo, walitupa kipande cha gogo nyuma ya meli, kimefungwa kamba yenye mafundo. Gogo linabaki, meli inakwenda, kamba inafunguka, na mtu anahesabu mafundo huku mchanga ukimwagika ndani ya chupa. Hesabu hiyo wakaiandika kitabuni, na kitabu kikachukua jina la gogo. Kwenye kitabu hicho ndiko dereva wa serikali alikopata logbuku yake, na ninyi mkapata hiyo login yenu. Ile log ya shuleni ni ya ukoo mwingine kabisa, imeundwa kwa maneno ya Kigiriki. Zimefanana sura tu.

Nilianza kuyaokota mengine mwenyewe. Meneja alipenda kulalamika kwamba tuna backlog, yaani kazi iliyorundikana, na mimi nacheka kimoyomoyo, kwa sababu mwalimu alishaniambia kwamba hapo zamani hilo lilikuwa gogo kubwa la kuwekwa nyuma ya moto ili usizimike. Kwa mama yangu lilikuwapo kila siku, la mti wa mwati, na hakuna aliyelilalamikia. Mtu akilala fofofo sisi tunamfananisha na pono, wao wanamfananisha na gogo. Ardhi ikishiba maji wakati wa masika, wao wanasema imekuwa gogo la maji. Hilo nalo nililiona yadini, maana ardhi ya namna hiyo ndiyo inayoteleza chini ya rundo.

Lakini jambo alilosema mwalimu ambalo lilikuja kunifaa ni hili: kitabu kile kilikuwa cha mtu asiyeona alipo. Ukipotea kwenye ukungu unarudi kwenye mstari wa mwisho unaouamini, unaanzia hapo. Nililiandika hilo nyuma ya daftari langu kama maneno mazuri tu. Sikujua kwamba litahusu uhai wa mtu, na kwamba mtu huyo nitakuwa nimekaribia kumuua mimi, kwa kalamu, nikiwa nimekaa kwenye kiti karibu na jiko.

Mtu huyo ni Baba Sanga. Alikuwa Mkinga kutoka Makete, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa mpaka kanisani, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mpimaji, mimi karani wake. Alinitania siku zote kwamba Wabena tunajua kulima viazi tu, nami namjibu kwamba Wakinga wangempima hata marehemu ili wamuuze. Siku za mwanzo niliandika gogo la mita thelathini na sita, nimesahau nukta. Meneja alitoka ofisini kuja kuuliza lori lilikataje kona. Baba Sanga alisema limekuja na reli, akaendelea na kazi yake bila hata kutabasamu. Jioni akanifundisha kusoma kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika, kwa sababu mdomo unakataa ujinga ambao mkono unaukubali.

Sasa nisikilizeni vizuri namna tulivyofanya, kwa maana yote yanakaa hapo. Kitabu kilikuwa hakitakiwi kulowa, kwa hiyo karani alikaa kwenye kibanda cha mbao chenye kidirisha na jiko la mkaa. Mpimaji alikuwa nje kwenye rundo. Anapima gogo, kisha anaita namba yake, urefu na unene: "Thelathini. Tatu nukta sita. Arobaini na mbili." Karani anaandika, anajibu kwa sauti, "Imeingia!" Mpimaji akisikia hilo ndipo anagonga kichwa cha gogo kwa nyundo ya mhuri, ile inayoacha herufi kwenye mti. Kuita, kujibu, kugonga. Nyundo ilikuwa ya mwisho kusudi lisiwepo gogo lenye mhuri ambalo halimo kitabuni. Na ilikuwa na kazi nyingine: kwa mlio wake Baba Sanga alijua gogo limeoza ndani au ni zima. Zima linasema ko. Bovu linasema kitu kingine, ambacho mtajifunza kwa kusikia wenyewe.

Siku hiyo ulikuwa mwezi wa saba na ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi. Wa Njombe mnaujua. Saa nane mchana nilikuwa siioni tena nguzo ya taa iliyokuwa hatua kumi kutoka dirishani. Baba Sanga alikuwa nje, sauti inakuja, nyundo inakuja, nami naandika huku vidole nimevikalisha juu ya jiko. Tulifika thelathini na moja. Akaita, nikajibu, nyundo ikalia ko.

Thelathini na mbili iliitwa ikiwa imechelewa kidogo. Nikaandika, nikajibu imeingia. Sikusikia nyundo.

Nilitambua kwamba sikuisikia, sitawadanganya. Kalamu ilisimama. Nikasema moyoni, ukungu umeimeza, na nikatazama nje nikaona ule weupe, nikatazama jiko. Kisha sauti ikaita thelathini na tatu. Ilikuwa sauti ya Baba Sanga, na kile Kiswahili chake chenye Kikinga ndani yake, na namna yake ya kuvuta neno "nukta". Nikaandika, nikajibu. Thelathini na nne. Na tano. Na sita. Kila moja niliisoma kwa mdomo kama alivyonifundisha, na mdomo haukukataa. Nyundo haikulia hata mara moja. Baada ya thelathini na sita hakuna aliyeita tena, nikadhani amekwenda kujisaidia. Nikaongeza mkaa.

Aliyenitoa pale ni Mwinuka, dereva wetu wa trekta, Mpangwa wa Ludewa, mtu asiyependa maneno mengi. Alichungulia dirishani akauliza mzee yuko wapi. Nikamwambia yuko rundoni, ametoka kuniitia thelathini na sita sasa hivi. Mwinuka akanitazama. Akasema, "Mimi nimetoka rundoni, dada. Nimeita, hakuna mtu."

Nikachukua kitabu nikatoka nacho vilevile bila kukifunika. Kule nje hatukuona kitu zaidi ya urefu wa mkono. Tukaita, na ukungu haukurudisha hata mwangwi. Rundo lilikuwa refu na lina pande nyingi, na kulizunguka lote kungechukua muda ambao sikujua kama anao. Ndipo nikakumbuka yale maneno ya nyuma ya daftari. Nikatafuta gogo la kwanza la siku hiyo, nikapapasa kichwa chake kwa vidole, nikakuta mhuri. Tukaenda kwa kupapasa, gogo kwa gogo, mimi nasoma kitabu pua ikiwa juu ya karatasi, Mwinuka anatafuta mhuri kwa kidole gumba. Ishirini na nane, lipo. Ishirini na tisa, lipo. Thelathini, thelathini na moja, mhuri bado una unyevu wa utomvu. Lililofuata halikuwa na kitu.

Gogo hilo lilikuwa limeteleza. Baba Sanga alikuwa kati yake na lile la chini, mguu wa kushoto haukuonekana, kifua kimebanwa, kofia bado iko kichwani. Macho yalikuwa wazi na yalinitazama. Mdomo ulikuwa unatikisika bila kutoa kitu. Nyundo ilikuwa mkononi mwake, na mkono wenyewe ulikuwa chini ya gogo hadi kwenye kiwiko.

Tulimtoa kwa mtaimbo na trekta, tukampeleka hospitali ya misheni amelazwa kwenye magunia. Daktari alisema ataishi. Mguu ulikuwa umekosa damu kwa muda mrefu mno, akasema, na angeletwa nusu saa mapema angejaribu kuuokoa. Aliukata chini ya goti. Kila nikiandika magogo kumi ilikuwa inapita saa moja, kwa hiyo hesabu hiyo sikuhitaji kuulizwa na mtu. Nusu saa ile nilikuwa nayo mimi, nimeiandika mistari mitano kwa mwandiko mzuri.

Meneja alisema ni mwangwi. Nilimheshimu sana meneja, lakini mwangwi hurudisha ulichosema, hauongezi namba. Ukungu ulipoondoka tulipima rundo lote upya, Mwinuka na mimi. Katika magogo yaliyobaki hakuna hata moja lililolingana na mistari ile mitano, si kwa urefu wala kwa unene. Yalikuwa magogo ya kawaida kabisa kwa vipimo, ya aina ambayo ungeweza kuyakuta yadi yoyote kutoka Njombe mpaka hapa Makambako. Yetu hayakuwemo.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona. Nilibeba chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi ambayo nilikuwa nimeyakariri njia nzima. Alikuwa ameegemea mto, amekonda kwa siku tatu tu. Hakuniacha nianze.

"Nilikusikia ukijibu," alisema. "Mara ya kwanza nilifurahi, nikajua umeniona, unakuja. Kisha ukajibu tena. Mara tano, mwanangu. Mimi sikuwa na pumzi ya kumwita hata paka. Ulikuwa unamjibu nani?"

Nikamwambia nilikuwa namjibu yeye. Aliposikia hivyo alifumba macho. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani mwangu, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na woga, na sikujua kipi nikishike kwanza. Akaniuliza kama nilisikia nyundo. Nikasema sikusikia. Akaitikia kwa kichwa, na hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Baada ya miezi mitano alirudi kazini na magongo, na tukabadilishana. Yeye akakaa kwenye kiti karibu na jiko na kitabu, mimi nikachukua tepu na nyundo. Alibadilisha utaratibu siku hiyohiyo. Nikishaita, sikuruhusiwa kungoja jibu. Nilitakiwa nitembee kutoka rundoni mpaka dirishani, nimwonyeshe uso, nirudie namba, ndipo aandike na kusema imeingia, ndipo nirudi kugonga. Kazi ya saa moja ikawa ya saa tatu. Meneja alilalamika juu ya backlog, na vibarua walitucheka, walisema Baba Sanga ameniozesha kwa dirisha. Nilitembea hivyo miaka tisa, mvua na baridi, nimevaa gambuti zilizonizidi, na sikulalamika hata siku moja. Nilijua nadaiwa mguu.

Kilichowasumbua wakaguzi ni mistari mitupu. Kitabu cha Baba Sanga kilikuwa safi kuliko changu, lakini hapa na pale aliacha mstari bila kuandika kitu, kisha akaendelea na namba iliyofuata. Aliambiwa asifanye hivyo. Akasema macho yake yamechoka, yanaruka mistari. Kwa kuwa ni mzee, na kwa kuwa ana mguu mmoja, walimwacha.

Siku ya mwisho kabla hajastaafu ilikuwa ya ukungu. Tulifanya kazi mpaka saa saba, kisha nikaingia kibandani kupasha mikono, naye akanikabidhi kitabu ili nikizoee tena, kwa sababu kuanzia kesho kingekuwa changu na kungekuja mpimaji mwingine. Nikakifungua. Kwenye ukurasa wa siku hiyo, kati ya kumi na saba na kumi na nane, palikuwa na mstari mtupu. Nikamtania kwamba hata siku ya kuagwa macho yameruka. Hakucheka. Alichukua magongo yake akayalaza mapajani.

"Hiyo ni mistari niliyoitiwa," alisema, "na hakuna aliyekuja dirishani."

Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwapo mwezi wa sita, wa saba, wa nane, kila mwaka, yote siku za ukungu. Mahali pengine ni mmoja, mahali pengine mitatu imefuatana. Nikafika hamsini nikaacha kuhesabu. Nilimuuliza ni sauti ya nani, na hata nilipokuwa nauliza nilitamani asijibu.

"Yako," alisema. "Siku zote ni yako."

Miaka tisa nilikuwa nje nikijua niko peke yangu na magogo. Nilimwambia kwa hasira, ndiyo, hasira ndiyo iliyonijia kwanza, kwamba angeniambia, kwamba nilikuwa na haki ya kujua kuna nini kule nje ambacho kinatumia mdomo wangu. Baba Sanga alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanijibu taratibu, kwa sauti aliyokuwa akinifundishia kazi.

"Ningekuambia ungeogopa kuita, mwanangu. Ungenyamaza kule nje, na mimi hapa ningebaki na yule mwingine peke yake."

Palikuwa pamebaki magogo sita kumaliza siku yake. Nikachukua tepu na nyundo nikatoka, nikapima la kwanza, nikaita namba yake kwa nguvu zangu zote, na kabla sijamaliza kuita nilikuwa nimeshaanza kukimbia kuelekea dirishani.